Kumchagulia kijana kaliba ya kuwindia kulungu na elki: anza na bega lake, mnyama baadaye

Mwezi wa sita mwaka juzi dada yangu alinipigia simu usiku, anaongea chini chini kama hataki wa ndani wasikie. "Kaka, mtoto ana jeraha juu ya jicho, nikimuuliza anasema kajigonga mlangoni." Kesho yake nikaendesha mpaka Greeley, hapa Colorado, Marekani, nikamwangalia huyo mpwa wangu, miaka 13, mwembamba kama ufito, na juu ya nyusi ya kulia kuna mchano umejikunja kama mwezi mchanga. Yeyote aliyewahi kupiga bunduki yenye skopu, yaani darubini ya kulengea, anaijua hiyo alama, bunduki ikirudi nyuma kwa nguvu na jicho liko karibu mno, ile duara ya skopu inakukata hapo hapo.

Baba yake alikuwa amemnunulia bunduki ya kaliba (saizi ya risasi) ya .300 Winchester Magnum, risasi ya nguvu nyingi sana, na bunduki yenyewe nyepesi, pauni 6 na nusu hivi pamoja na skopu. Muuzaji wa duka moja alimwambia elki, wa jamii ya kulungu wa huku, ni mnyama mkubwa kwa hiyo anataka risasi kubwa, na kwa kuwa mpigaji ni mtoto basi achukue bunduki nyepesi. Shemeji yangu hana kosa la roho mbaya, alitaka mwanae apate kitu bora. Ila kijana alipiga risasi nne tu, ya nne ndo ikamchana, na kuanzia siku hiyo kila akiiona ile bunduki anameza mate. Na laiseni ya elki jike ilikuwa imeshatoka, ya mwezi wa kumi, upande wa Meeker, kaskazini magharibi mwa Colorado.

Naandika haya kwa ajili ya wazazi na wajomba wa Kiswahili tulioko huku Colorado na majimbo ya jirani, maana vijana wetu wanasoma na watoto wa wenyeji, wanasikia habari za uwindaji shuleni kila Oktoba, wanataka kwenda, na sisi wengi tumekulia sehemu ambazo bunduki ni ya askari au ya bwana nyama. Mimi mwenyewe nimekulia Handeni, babu alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe pori shambani, ndo elimu yangu yote ya silaha kabla sijafika Marekani. Mengine nimejifunza huku kwa miaka, na mengine kwa huyu mpwa wangu.

Kwanza sheria, maana zinapunguza machaguo zenyewe

Colorado mtoto anaruhusiwa kuwinda wanyama wakubwa akifika miaka 12. Lazima awe amepita kozi ya usalama wa uwindaji (sheria inamhusu kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949, kwa hiyo na wewe mzazi ukitaka laiseni utakaa darasani tu), na kuanzia miaka 12 hadi 15 lazima awe na msimamizi wa miaka 18 au zaidi ambaye naye anatimiza masharti ya hiyo kozi, na muwe mnaonana na kusikiana muda wote bila redio. Nguo za rangi ya chungwa kali au pinki kali, inchi za mraba 500 kiunoni kwenda juu, na kofia ya rangi hiyo hiyo inayoonekana pande zote.

Upande wa bunduki sasa. Kaliba isiwe chini ya .24, yaani kipenyo cha risasi kisipungue sehemu 24 za mia za inchi. Kichwa cha risasi kiwe na uzito wa angalau greini 70 (greini ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi) kwa kulungu, swala wa huku (pronghoni) na dubu, na angalau greini 85 kwa elki na musi (moose, mkubwa kuliko elki). Kiwe cha aina inayotanuka ikiingia nyamani. Na ikifika yadi 100 iwe bado na nguvu ya futi-pauni 1,000 (kipimo cha nguvu ya kipigo). Mtutu usipungue inchi 16. Ukisoma hayo utaona ile .223 ambayo watu wengi wanayo nyumbani imeshatoka kwenye mchezo, usijaribu kabisa hata kwa kulungu mdogo. Majimbo mengine yana masharti yao, soma kitabu cha kanuni cha jimbo lako cha mwaka huo huo, usitegemee cha mwaka jana.

Mawili mengine nayataja haraka. Kama uko kwenye viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho ina vizuizi vyake kuhusu kushika silaha, muulize mwanasheria kabla hujagusa. Na Colorado inakutaka uifunge bunduki mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia peke yake. Hata kama ni yake, hata kama kafaulu kozi kwa maksi zote, ufunguo unakaa kwako.

Hatua ya pili: mpime mtoto kama fundi cherehani

Hapa ndo wengi wanaruka. Wanaanza kubishana kaliba wakati hawajui hata mkono wa mtoto una urefu gani.

Mwambie akunje kiwiko kiwe kama herufi L, weka kitako cha bunduki (tupu, bolti, yaani komeo lake, iko wazi, umeangalia chemba kwa macho na kwa kidole) kwenye kikunjo cha kiwiko, halafu uone kidole chake cha shahada kinafika wapi. Kikifika kwenye triga vizuri kwa pingili ya kwanza, hiyo saizi ni yake. Bunduki za watu wazima kutoka kitako mpaka triga ni inchi 13 na nusu na zaidi kidogo, za vijana zinakuwa 12 na nusu mpaka 13. Mpwa wangu alitoka inchi 12 na nusu na ile .300 yake ilikuwa 13 na robo tatu. Sasa fikiria, anajinyoosha shingo mbele ili aone kwenye skopu, bega limekaa vibaya, jicho limesogea kwenye kioo, halafu anafyatua kitu chenye teke la punda. Ule mchano usingekosa kutokea.

Halafu jicho. Mwambie anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja abakize katundu kadogo katikati, akuangalie pua kupitia hapo kwa macho yote mawili. Jicho unaloliona wewe kwenye katundu ndo jicho lake kuu. Kama ni la kushoto na anatumia mkono wa kulia, ni bora ajifunze kupiga kwa bega la kushoto tangu mwanzo kuliko kuhangaika miaka yote.

Mwisho mpe bunduki tupu ailenge amesimama, uhesabu taratibu mpaka thelathini. Mtutu ukianza kuchora duara kwenye kumi, bunduki ni nzito mno kwake au mbele imezidi. Ila usikimbilie nyepesi kabla hujasoma hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: elewa teke linatoka wapi

Teke la bunduki linatokana na vitu vitatu: uzito wa kichwa cha risasi, baruti na mwendo wake, na uzito wa bunduki yenyewe. Hiki cha tatu ndo kinasahaulika. Risasi ikiwa ile ile, bunduki ikipungua uzito teke linapanda kwa kiwango hicho hicho. Ukitoa bunduki ya pauni 8 ukaleta ya pauni 6, umemuongezea mtoto theluthi nzima ya kipigo bila kubadilisha risasi.

Kwa bunduki ya pauni 8, makadirio ya teke kwa futi-pauni yanaenda hivi, na namba zinacheza kidogo kulingana na risasi: .243 Winchester ni kama 10. 6.5 Creedmoor kama 13, 7mm-08 Remington kama 14. .308 Winchester 16, .270 Winchester 17. .30-06 yenye greini 180 inafika 22. Na .300 Winchester Magnum ni 30. Sasa ile ya mpwa wangu ya pauni 6 na nusu ukipiga hesabu unakuta 37 hivi. Mara tatu na zaidi ya .243, kwenye bega la mtoto wa kilo 45!

Kwa niliyoyaona mimi, kijana wa miaka 12 mpaka 14 mwenye mwili wa kawaida akikaa kwenye 10 mpaka 14 anajifunza kwa furaha. Kwenye 16 na 17 wapo wanaoweza, wakubwa kidogo, baada ya mazoezi. Kuanzia 20 kwenda juu sitaki hata kujaribu, maana hofu ikishaingia haitoki kwa kumwambia "usiogope". Mwili unakumbuka. Mtoto anaanza kufumba macho sekunde moja kabla ya kufyatua, anaivuta triga kwa nguvu, mtutu unazama, risasi inapiga chini, mnyama anavunjika mguu na kukimbilia msituni kufa polepole. Hilo ndo linaloniuma mimi zaidi ya kitu kingine chochote kwenye habari hii yote. Kaliba kubwa kwenye mikono inayotetemeka inajeruhi, haiui.

Hatua ya nne: sasa mnyama, na umbali

Pronghoni ni mdogo, kilo 40 mpaka 55. Kulungu wa huku mwenye masikio marefu kama ya punda, dume anaweza kufika kilo 100 na kitu. Elki jike ni kilo 225 hivi, dume 320. Unaona kuna tofauti kubwa, elki ana mifupa minene na nyama nyingi kabla hujafika kwenye mapafu, na anaweza kutembea mbali na risasi mbaya mwilini.

Ila eneo la kulenga kwa wote ni lile lile, mapafu na moyo, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Kwa kulungu hilo eneo ni kama sahani ya karatasi ya inchi 9, kwa elki ni kubwa zaidi. Risasi ya wastani ikipita hapo vizuri mnyama haendi mbali. Kule Karamoja, Uganda ya leo, mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na Mskoti anaitwa W.D.M. Bell, mpaka wakambatiza Karamojo Bell, aliangusha tembo zaidi ya 1,000 na wengi kati ya hao kwa 7x57 Mauser, kaliba ambayo wenzake wengi waliiona ni ya swala. Mambo ya kuua tembo kwa ajili ya pembe mimi siyapendi hata kidogo, na yeye alitumia risasi ngumu zisizotanuka na alijua ndani ya kichwa cha tembo kuna nini. Siku hizi Tanzania kwa nyati au tembo utaambiwa .375 kwenda juu na ni sawa kabisa, mnyama anayeweza kukurudia anahitaji hivyo. Namtaja kwa sababu moja tu, 7mm-08 ya leo inarusha kichwa cha kipenyo kile kile cha 7x57 na nguvu zao zinakaribiana sana, kwa hiyo mtu asikwambie hicho kitu ni cha kuchezea.

Umbali nao panga mapema. Kwa kijana wa msimu wa kwanza mimi naweka yadi 150 mwisho, hata kama risasi inaweza 400.

Hatua ya tano: kaliba zenyewe

Kwanza ujue undugu wao maana unasaidia kuelewa. .308 Winchester ilitoka 1952. Wakachukua ganda lile lile wakalibana shingo ipokee kichwa chembamba zaidi, ikapatikana .243 mwaka 1955, halafu 7mm-08 ambayo Remington waliiingiza sokoni 1980, na .260 Remington 1997. Hawa wote ni ndugu wa tumbo moja, ukiwaweka mezani tofauti zao unaziona kwenye shingo tu. Na ndo hatari yake, kwa macho ya haraka zinafanana na nyingine zinaweza kuingia kwenye chemba isiyo yake. Soma maandishi kwenye mtutu, soma maandishi nyuma ya ganda, yalingane neno kwa neno, na siku ya mazoezi mezani paweko kaliba moja tu.

7mm-08 ndo chaguo langu la kwanza kwa kijana atakayewinda kulungu na elki kwa bunduki moja. Greini 140 kwa mwendo wa futi 2,800 kwa sekunde hivi, teke la wastani, inatua kwa uzito wa kutosha kupenya kifua cha elki jike au dume ndani ya umbali wa busara. Akikua hataihitaji nyingine mpaka ana watoto wake. Kasoro yake ni moja, risasi zake hazijai madukani kama za wenzake, duka dogo la mjini unaweza kukuta aina mbili tu au hakuna, kwa hiyo ukiipata inayokaa vizuri kwenye bunduki yako nunua maboksi kadhaa kabla ya msimu.

6.5 Creedmoor, iliyoletwa na Hornady mwaka 2007, iko karibu nayo sana. Teke dogo kidogo, risasi zimejaa kila duka, bunduki za saizi ya vijana ni nyingi. Greini 140 au 143 yenye kichwa imara kwa elki ndani ya yadi 200 sina wasiwasi nayo. Tatizo ni maneno ya watu, vijana wanasikia kwamba hiyo ni ya kupiga mbali wanataka kupiga mbali. Mzazi uwe na msimamo hapo.

.243 ni ya mtoto mdogo wa mwili, au anayeanza na pronghoni na kulungu tu. Ni tamu kupiga, mtoto anaipenda siku ya kwanza. Greini 100 inatoka na futi 2,960 kwa sekunde hivi, yadi 100 bado ina futi-pauni 1,600 na ushee, kwa hiyo sheria imetimia vizuri. Kwa elki inaruhusiwa kuanzia greini 85, ila mimi natoa ruhusa kwa shingo upande: elki jike tu, amesimama ubavu kabisa, yadi 100 au chini, risasi ya shaba tupu au ile ambayo shaba ya nje na madini ya risasi ya ndani vimeunganishwa visiachane. Mnyama akiwa amekaa kimshazari, acha. Watu wazima wenye uzoefu wa miaka wanaua elki kwa .243 kila mwaka, najua, ila kuibana nafasi hivyo ni kazi ya mzoefu na mtoto bado hajawa mzoefu.

.308 ni nzuri kwa kijana wa miaka 15, 16 mwenye mwili, na ina siri moja, kuna risasi zilizopunguzwa nguvu kiwandani kwa ajili ya wanaoanza, anaanzia hizo halafu anapanda. .270 ni ya mwaka 1925 na bado inakula elki kila msimu, lakini mlio wake mkali na inasukuma, sianzii hapo. .30-06, ya 1906, kama ni ya babu na ipo ndani, subiri mtoto afike miaka 16. Magnum zote, hapana.

Risasi yenyewe

Watu wanabishana kaliba wiki nzima halafu wananunua risasi ya bei ya chini kabisa. Kwa kulungu na pronghoni risasi ya kawaida ya kutanuka inatosha. Kwa elki na kaliba ndogo ongeza pesa, nunua zile za shaba tupu au zilizoungwa, kwa sababu zinatanuka bila kusambaratika na zinaendelea kwenda mbele. Kichwa kinachopasuka kwenye mfupa wa bega la elki kinaacha kidonda kipana juu juu na mapafu hayajaguswa.

Hatua ya sita: ivalishe bunduki

Pedi laini ya mpira kwenye kitako, nene ya inchi moja, hii peke yake mtoto anaisikia. Kitako kifupi, na kama kina vipande vya kuongezea urefu akikua ni bora zaidi. Uzito wa jumla na skopu pauni 7 mpaka 8. Skopu ndogo, ya kukuza mara 2-7 au 3-9, na ifungwe ili jicho likae inchi tatu na nusu mpaka nne nyuma ya kioo, mpime yeye, usipime kwa jicho lako, na akiwa amevaa jaketi la Oktoba, maana jaketi linamsogeza.

Kuna kile kifaa cha kwenye mdomo wa mtutu cha kupunguza teke. Kinapunguza kweli, ila kelele inarudi masikioni kwa mpigaji na kwa aliyekaa pembeni, na raifo hata bila hicho kitu inavuka desibeli 150, wakati sikio linaweza kuharibika kuanzia 140 kwa mlio mmoja tu. Mimi kwa mtoto sikifungi. Badala yake anavaa vya kuziba ndani ya sikio na hedifoni juu yake, kila mara. Nusu ya hofu ya mtoto ni kelele, bega linasingiziwa tu.

Hatua ya saba: mfundishe polepole

Ile .300 tulirudi nayo dukani, tukapoteza pesa kidogo, tukatafuta 7mm-08 ya saizi ya vijana. Ila sikumpa. Wiki tatu nzima alipiga .22 ndogo, ile risasi ya senti chache isiyo na teke wala kelele ya maana, akiwa amekaa, amepiga goti, ameegemea fimbo za kulengea. Mia moja, mia mbili kwa siku akitaka. Nyumbani jioni anafanya ya kavu, bunduki tupu, hakuna risasi hata moja ndani ya chumba hicho, anavuta triga taratibu akiangalia kama ile alama ya skopu imetikisika.

Wiki ya nne tukatoka na 7mm-08. Kuizirosha, yaani kurekebisha skopu ilingane na risasi inapotua, nilifanya mimi, inchi 2 juu kwenye yadi 100, inakupa katikati kwenye yadi 200 hivi. Usimkalishe mtoto kwenye meza ya rinji (uwanja wa kulengea shabaha) apige risasi ishirini za kuzirosha, mezani mwili umebanwa hauyumbi na teke lote linaingia begani. Apige amesimama au amekaa na fimbo, mwili unakwenda nyuma na bunduki.

Halafu mtihani wa risasi bandia. Nilikuwa napakia mimi, yeye haoni, mara ya kweli mara bandia. Ya kwanza niliweka bandia. Akalenga, akavuta, ikalia "tik", na mtutu ulizama chini inchi nzima na macho yamefumba kabisa. Akanitazama. Sikumwambia kitu, yeye mwenyewe akasema, "Mjomba, mimi ndo nilikuwa nafanya hivyo?" Tukarudia. Ya kumi hivi mtutu ukaanza kutulia. Siku hiyo alipiga za kweli sita tu, nikafunga begi akiwa bado anataka. Hiyo ndo kanuni yangu, sita mpaka kumi kwa siku, na muache akiwa na hamu.

Mwisho kabisa, sahani. Bandika sahani ya karatasi, yadi 50, apige tano kutoka mkao wa porini, siyo mezani. Zikiingia zote, sogea 75, halafu 100, halafu 125. Pale moja inapotoka nje, rudi nyuma hatua moja, na hapo ndo mwisho wake wa kuwinda mwaka huo. Mpwa wangu aliishia yadi 150 mwezi wa tisa. Akaandika namba hiyo kwa kalamu ya wino ndani ya kofia yake.

Kule Meeker

Siku ya pili asubuhi, baridi imekaza, tuliona majike sita wakishuka kwenye miti ya aspen kuelekea uwazini. Kifaa cha kupimia kikasoma yadi 210. Alinigeukia, akavua kofia akaniangalizia ndani. Tukasubiri. Dakika arobaini tumelala kwenye majani yenye barafu, mpaka mmoja akajitenga akaja yadi 130 akasimama ubavu. Kijana akakaa, akaweka bunduki kwenye fimbo, nikamsikia anavuta pumzi na kusema bismillahi, maana sisi Waislamu inasemwa pale unapofyatua, na ukimkuta bado ana uhai unamchinja. Mlio ukaenda, yeye macho yako wazi kwenye skopu, akapakia ya pili bila kuambiwa, jike akakimbia hatua kama hamsini akalala.

Tulikaa nusu saa kabla ya kumsogelea, tukamwendea kwa nyuma, akamgusa jicho kwa ncha ya fimbo, hakupepesa. Risasi ilipita mapafu yote mawili ikatoka upande wa pili. Tukafunga tagi ya laiseni, tukamkata vipande vinne tukiacha alama ya jinsia kama sheria inavyotaka, na kubeba mpaka kwenye gari ilituchukua mpaka saa kumi jioni, mabega yamechubuka wote wawili. Dada alipika pilau ya ile nyama kwa wiki mbili, majirani Wakongo walikuja na sufuria zao.

Mwaka huu mdogo wake wa kike ametimiza 11 na kozi anaanza baada ya shule kufunga. Juzi nilimpima mkono, inchi 12 kasoro robo, jicho kuu la kushoto, kwa hiyo tunatafuta bolti ya mkono wa kushoto mapema maana hizo za saizi ya vijana hazipatikani kirahisi. Yeye ni mdogo wa mwili kuliko kaka yake, ataanza na .243 na pronghoni upande wa Craig, na kwa sasa yuko kwenye .22, anavaa hedifoni za kaka yake zinazomfunika mpaka mashavuni.